Barua ya Onyo kwa Kosa la Kukohoa

Jumatatu, 2 Juni

Nimekohoa mara nne leo. Mbili za bure. Alikuwa ni mtu wa pikipiki ambaye kwa mbali anafanana na Mwenyekiti. Mama Adela kakimbilia stoo mara zote mbili, kanga kichwani, kisha karudi akinitazama vibaya. Siyo kosa langu. Nusu ya wanaume wa Mugoma wana kofia ya aina moja.

Niandike vizuri, maana siku nitakayosoma haya nitajiona kichaa. Mama Adela ni meneja wa kituo chetu cha asali, mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi wa kwanza wanachama walimchagua Fidelis kuwa mwenyekiti. Fidelis kamuoa Adela. Kwa hiyo meneja ni mama mkwe wa mwenyekiti wake. Na kwetu mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni. Kituo kina vyumba viwili na stoo. Wapiga kura hawakulifikiria hilo. Mimi nami nilimpa kura. Mjinga mimi.

Basi utaratibu ni huu. Kiti changu kiko dirishani, naona barabara. Mwenyekiti akitokea, nakohoa. Mama anaingia stoo. Mwenyekiti anaingia, ananieleza shida yake, naipeleka stoo, narudi na jibu. Mwezi wa tano sasa. Niliajiriwa karani wa kupokea asali, si redio ya upepo.

Jumanne, 3 Juni

Siku mbaya.

Mwenyekiti kaleta ndoo nane, wanachama wakiwa foleni. Nimepima kwa kile kidude cha kuchungulia. Maji mengi. Kavuna kabla nyuki hawajaziba masega, pupa tu. Nikaenda stoo. Mama kachungulia mwenyewe mara tatu, kasema zirudi zote nane. Nikamwambia Mama, huyu ni Mwenyekiti. Akasema juzi kamrudishia kaka yake Laurenti, tumbo moja, na Laurenti hakufa.

Ikabidi niseme mimi, mbele za watu: "Meneja anasema, kwa heshima zote, asali yako ina maji." Mtu akacheka nyuma kabisa. Mwenyekiti kazirudisha kwa pikipiki, ndoo mbili mbili, safari nne, na kila safari anaipita foleni ile ile. Kila aliporudi nilikohoa. Nilijua ni vibaya. Kifua hakikunisikia.

Alhamisi, 5 Juni

Tumechuja asali siku nzima. Mwenyekiti hakuja. Sijakohoa hata mara moja. Mama Adela kaleta ndizi za kuchoma. Jino langu bovu limetulia. Siku nzuri.

Jumatatu, 9 Juni

Bahasha. Mwenyekiti kanikabidhi mlangoni, hakuingia. Yangu ilikuwa kuipeleka stoo tu, kama kawaida.

Mama kafukuzwa kazi. Utovu wa nidhamu na kudhalilisha uongozi. Barua inasema uamuzi umefikiwa "baada ya kikao cha nidhamu cha tarehe 5 Juni, ambacho ulihudhuria na kujitetea".

Kaisoma amesimama, akacheka. Kakaa juu ya ndoo, kaisoma tena, hakucheka. Kachukua sweta lake, kikombe, na redio yake ndogo. Miaka kumi na moja imeingia kwenye mfuko mmoja wa sandarusi. Mlangoni kageuka kunikumbusha kwamba bomba la tangi la tatu linavuja.

Nimelia kidogo stoo. Tarehe 5 ilikuwa siku ya ndizi.

Jumanne, 10 Juni

Mwenyekiti kaingia saa mbili. Sasa hana wa kumkwepa, anatembea katikati ya chumba kama bata aliyeshiba. Nikakohoa. Mazoea. Akasimama, akauliza nacheka nini. Nikasema sicheki.

Katoa karatasi mbili. Muhtasari wa kikao cha tarehe 5. Kauchapisha Ngara mjini. Waliohudhuria: yeye, wajumbe wawili, Mama Adela, na mimi karani. Mama alikaa mkabala na Mwenyekiti, inasema, akasomewa makosa, akajitetea kwa jazba. Kilichobaki ni sahihi yangu tu.

Nina miaka tisa naandika mihtasari ya kituo hiki. Nimeandika vikao vya kusinzia, vikao vya kutukanana, kikao kimoja nyuki waliingia tukakimalizia barabarani. Sijawahi kuandika kikao ambacho hakikukaa.

Nikashika kalamu. Jina langu ni Sosthenes. Nikaandika S. Mkono ukasimama hapo. Nikasema tumbo linanikata, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka nikasikia pikipiki inaondoka. Hakukuwa na ushujaa wowote. Niliogopa kuandika, nikaogopa kukataa, na choo kilikuwa karibu.

Mke wangu, Mama Tito, kasikia yote, kasema nisaini. Kaniuliza mimi ni nani wa kupambana na mwenyekiti, na nikifukuzwa na umri huu wa miaka hamsini na moja nitakwenda kuanza wapi. Vitumbua vyake leo ni vigumu, sijui kwa hasira.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia sisaini. Nilifanya mazoezi ya sauti njiani, lakini ilipotoka ilikuwa nyembamba. Akasema sawa, hakuna neno.

Saa sita kiti changu kimechukuliwa. "Ukaguzi wa samani." Kituo kina viti vitano, mabenchi mawili na meza. Kilichokaguliwa ni kiti changu. Mto wake niliushona mwenyewe. Nimesimama siku nzima, magoti yananisema.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepewa barua ya onyo. Nainakili hapa, maana kuna siku sitaamini: "Umekuwa ukikohoa kwa makusudi kila Mwenyekiti anapoingia, kwa lengo la kumdhalilisha. Unatakiwa kutoa maelezo ya maandishi ndani ya saa arobaini na nane kwa nini unakohoa."

Nimeandika: "Nilikuwa nakohoa ili mama mkwe wako apate nafasi ya kutoka. Mama mkwe ameondoka. Kifua bado hakijapewa barua."

Sentensi ya mwisho nimeifuta. Najuta kuifuta.

Jumapili, 22 Juni

Habari ya onyo imeenea. Mimi nilimwambia mzee Laurenti peke yake, ambayo ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti.

Leo kanisani Mwenyekiti kachelewa, kaingia somo likisomwa. Upande wa kina mama mtu mmoja akakohoa. Wa pili. Kisha benchi zima, kisha upande wa kushoto wote, mpaka katekista akaweka kitabu chini akangoja. Mwenyekiti kasimama katikati ya kanisa kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Nikageuka nimwone aliyeanza. Mama Tito. Macho yake madhabahuni, mikono kifuani, mtakatifu kabisa. Huyu huyu aliyeniambia nisaini. Nimempenda upya. Hata vitumbua nimevisamehe.

Jumatatu, 23 Juni

Adela hapikii mumewe. Wiki mbili sasa, tangu siku ya bahasha. Hagombani, hanuni, anapika cha watoto na chake, basi. Mwenyekiti anakula chipsi mayai senta, nje ya kibanda, kila jioni. Nimepita leo nimeona mwenyewe. Kakalia kiti changu. Nimeutambua mto.

Ukaguzi unaendelea.

Jumanne, 24 Juni

Barua nyingine. Nahamishiwa Nyakanazi kuanzia kesho, "kwa maslahi ya kituo", kuuza asali kwa madereva wa malori. Kituo hakijawahi kuwa na kibanda Nyakanazi. Kibanda ni mimi.

Ijumaa, 27 Juni

Nyakanazi. Vumbi, honi, mishikaki, harufu ya dizeli. Nina meza ya kuazima, chupa arobaini, na nakalia ndoo iliyofunikwa. Nimepanga chumba gesti moja nyuma ya sheli, ukutani wameandika "Usifue nguo ndani" na bado kila mtu anafua.

Madereva hawaamini asali. Hata mmoja. Wa kwanza kachovya njiti ya kiberiti, kaiwasha, ikawaka, akasema hata feki inawaka siku hizi. Wa pili kamwaga kijiko mchangani. Wa tatu kaweka chupa chini akakaa kungoja sisimizi waje au wasije, na sijui kipi kingekuwa kizuri. Miaka tisa napima asali kwa chombo cha kitaalamu. Leo nimengojea sisimizi.

Namchukia Fidelis. Basi, nimeandika.

Jumatano, 2 Julai

Nakohoa huku pia. Mtu yeyote mnene mwenye kofia akishuka kwenye gari, nakohoa. Mama wa mchemsho jirani yangu kavuta meza yake hatua tano. Leo kanishika mkono kwa huruma, kaniambia siku hizi dawa za kifua kikuu ni bure na watu wanapona. Kanisindikiza zahanati. Wamenipa kikopo niteme makohozi. Nimeshindwa kueleza kwamba naugua mwenyekiti.

Ijumaa, 4 Julai

Majibu yametoka. Sina kitu. Mama wa mchemsho karudisha meza hatua mbili.

Jumanne, 8 Julai

Mama Adela kapiga simu. Kapeleka malalamiko ya kuachishwa kazi bila kusikilizwa, na msuluhishi wa mambo ya kazi anakuja Biharamulo tarehe 17. Ananitaka niwe shahidi. Hakunilazimisha. Kauliza tu kama bomba la tangi la tatu limeshatengenezwa.

Tukishindwa, nafukuzwa, hilo halina mjadala. Tukishinda, sijui. Nikikaa kimya nitauza asali kwa njiti za kiberiti mpaka nizeeke.

Nimefikiria kubeba daftari hili. Tarehe 5 Juni imo, wazi kabisa: Mwenyekiti hakuja, sijakohoa. Ushahidi gani unazidi huo? Kisha nikafunua kurasa nyingine. Bata. Vitumbua. Kujificha chooni. Daftari linabaki gesti, chini ya godoro.

Jumatano, 16 Julai

Nimepanda Hiace kwenda Biharamulo. Tumbo bovu, na safari hii kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike yote kabla sijasahau.

Ofisi ya kuazima, mtaa ulio chini ya boma la Wajerumani. Msuluhishi ni binti wa miaka thelathini hivi, kwa lafudhi ni mtu wa pwani. Kamwamkia mzee Laurenti, aliyemsindikiza dada yake, shikamoo, kaitikiwa marahaba, kafungua faili, kasema pande zote mbili ziingie zikae.

Hakuna aliyeingia. Mwenyekiti yuko upande mmoja wa jengo, kageukia ukuta. Mama Adela yuko upande wa pili, kanga hadi puani. Binti akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa ukali, akasema asiyeingia shauri lake linafutwa. Ndipo mzee Laurenti akavua kofia akamweleza: hawa ni mtu na mama mkwe wake. Binti akasema chuoni hawakumfundisha hilo.

Ikaamuliwa hivi. Mwenyekiti na wajumbe ndani. Mama Adela nje, barazani, mgongo kwenye ukuta chini ya dirisha. Mimi katikati, dirishani, kichwa ndani na kiwiliwili nusu nje. Kazi yangu ya zamani, bila kiti.

Na adabu! Sijapata kusikia ugomvi wenye adabu kiasi kile. "Mwambie mama namheshimu sana, lakini ana kiburi." Naipeleka nje. "Mwambie mkwe wangu namshukuru kwa kunitunzia mwanangu, lakini ni mwongo." Naingiza ndani. Dakika ya ishirini shingo imekauka na msuluhishi kaacha kuandika, anatazama tu.

Kisha akamuuliza Mwenyekiti kikao cha tarehe 5 kilikuwaje. Mwenyekiti kajiandaa huyo. Karatasi mkononi. "Mama alikaa hapa, mimi nilikaa pale, tukatazamana, nikamsomea makosa moja moja, akapayuka, nikamnyamazisha." Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Kasema vizuri mpaka mimi nikaanza kutafuta siku hiyo kichwani kwangu.

Nikainama. Mama Adela alikuwa anachezea pindo la kanga. Akasema polepole:

"Mwulize mkwe wangu. Siku hiyo alikaa na mimi chumba kimoja? Akanitazama usoni? Akaninyamazisha?"

Nikauliza neno kwa neno.

Mzee Laurenti, kaka wa mama mkwe, kavaa kofia yake tena. Kakaa wima. Wajumbe wakaacha kuitikia. Mimi nikaelewa. Mwenyekiti akisema ndiyo, amekiri mbele ya ukoo wa mkewe kwamba alimkalia mama mkwe macho kwa macho akamkaripia. Hapo ni faini ya mbuzi, ni pombe, ni wazee kumkalia kikao, na Adela hatampikia mpaka kiama. Akisema hapana, karatasi yake ni uongo.

Lori likapita. Mwenyekiti anatoka jasho. Akanitazama mimi, kana kwamba nina jibu la tatu.

Kisha akalipuka kwa hasira kabisa: "Hapana! Ningewezaje? Mwambie mama, mimi si mtu wa namna hiyo. Tangu nimuoe Adela sijawahi kukaa naye chumba kimoja hata siku moja!"

Alikuwa ameinua kidole. Kilibaki juu muda kidogo, kisha kikashuka chenyewe.

Msuluhishi akasema, "Kwa hiyo kikao hakikuwepo."

Mwenyekiti akakaa. Sauti imebadilika, ya mtu wa nyumbani sasa. Akasema sheria inataka amsikilize uso kwa uso, mila inamkataza, angefanya nini? Akasema na zile ndoo nane, watu walimcheka, hakulala siku tatu. Nikamwonea huruma, sikupenda. Msuluhishi akauliza kwa nini hakumtumia karani, kama leo. Mwenyekiti akatazama sakafu. Akasema hakulifikiria.

Nikadhani yamekwisha. Binti akainua muhtasari. "Na hii S hapa chini ni nini?"

Nikasema ni yangu. Akauliza kwa nini iliishia hapo. Nilitaka kusema neno kubwa. Likatoka hili: "Niliogopa kuandika, mheshimiwa, na niliogopa kutoandika. S ilitoka katikati." Mama Adela alikuwa anasikia yote pale chini ya dirisha. Hakuwa anajua habari ya S. Nilitamani ukuta unimeze.

Wamekubaliana. Mama anarudi kazini. Mimi narudi Mugoma. Onyo la kukohoa linafutwa, ingawa msuluhishi kalisoma mara mbili na akaomba nakala yake mwenyewe.

Barazani nilisubiri Mama aniseme. Kafunga kanga vizuri, kauliza, "S peke yake?" Nikasema S peke yake, Mama. Akasema, "Herufi moja si nyingi. Jina lako ni refu." Akaenda kutafuta gari.

Jumanne, 22 Julai

Nimeaga Nyakanazi. Chupa ya mwisho nimempa mama wa mchemsho. Kachovya njiti ya kiberiti.

Jumatatu, 28 Julai

Kiti kimerudi. Mto una doa la mafuta ya chipsi na mguu mmoja umelegea. Nimekiweka dirishani pale pale.

Mama Adela kafika mapema, katundika sweta, kaweka redio na kikombe. Jambo la kwanza, bomba la tangi la tatu. Hatujazungumza habari ya Biharamulo.

Saa nne nikaiona pikipiki. Mwenyekiti, na ndoo mbele na nyuma. Kifua kikaanza kuwasha. Nikajizuia. Onyo limefutwa, ndiyo, lakini sijui limefutwa kiasi gani. Nikashika meza. Mama yuko mezani kwake, mgongo umeelekea mlango, hajui. Pikipiki ikazimwa. Nikasikia hatua. Bado nimejizuia, machozi yananitoka.

Hatua zikasimama nje ya mlango.

Kisha Mwenyekiti akakohoa mwenyewe. Mara moja, taratibu.

Mama akainuka, akavuta kanga, akapita mlango wa stoo. Mwenyekiti akangoja kidogo, ndipo akaingia. Ndoo nane, safari nne kama ile siku. Nikapima. Sita zimeiva, mbili zina maji. Nikaenda stoo, nikarudi, nikasema: "Meneja anasema, kwa heshima zote, sita zimepita." Akazifunga zile mbili kwenye pikipiki. Nikamwandikia hati ya mapokezi, nikasaini jina langu lote, S mpaka S. Akaondoka.

Mama akarudi. Kachukua chujio, akaanza kuliosha. Akaniuliza kifua changu kimeanza tena? Nikasema siyo mimi niliyekohoa.

Akaacha kuosha. Akatazama mlango. Kisha akasema, "Baba Tito, mpigie Adela. Mwambie leo ampikie mumewe."

Nikapiga.